Mayai Sitini na Batri Moja Itebero

Mume wangu alipoleta batri ya lori nyumbani, aliibeba kifuani kama mtu anayebeba ndama aliyezaliwa asubuhi ile, akaiweka juu ya meza tunayolia chakula. Meza ililalamika. Akaipangusa vumbi kwa mkono wa shati lake, akarudi nyuma hatua mbili, akaitazama kwa furaha.

"Mama, hii njo batri," akaniambia. "Ona vile iko nzito. Inaamsha kamio muzima asubuhi ya baridi. Mayai yako njo itaishinda?"

Nilikuwa nachambua maharage. Sikumjibu palepale, kwa sababu nilijua kwamba nikijibu tu, tutabishana hadi maharage yaive.

Habari ya mayai ilianzia kwa dada yangu mkubwa. Yeye aliolewa Itebero, kule chini msituni Walikale, na ameishi huko miaka mingi kuliko aliyoishi kwetu Masisi. Siku moja alipanda kilima wanachopandaga watu wa kwao wakitafuta mtandao, akanipigia simu. Nilifikiri kuna msiba. Sauti yake ilikuwa ya msiba kweli.

"Mudogo wangu, kuku zimekufa. Zote."

"Zote namna gani, dada?"

"Zote. Ugonjwa ilipita nyumba kwa nyumba. Hata jogoo ya katekista. Asubuhi hakuna kinachowika, tunaamukaka tu na ndege za pori."

Sisi kwetu mlimani kuku walikuwa wazima. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na nyuma ya nyumba nafuga kuku wengi hata watoto wa darasani kwangu wananiita jina nisilotaka kuliandika hapa. Nilimwambia dada kwamba likizo kubwa tutashuka, na tutamletea kuku. Baada ya kukata simu ndipo nikaanza kufikiri. Kuku wakubwa kukaa siku nyingi ndani ya gari, kwenye njia ile ya matope, wangefika wagonjwa. Vifaranga wangekufa kwa ukungu wa Masisi kabla hata hatujauona msitu. Mayai ndiyo yangeweza kusafiri. Lakini mayai yafike kijiji kisicho na kuku hata mmoja wa kuyalalia, yafanye nini?

Mume wangu akasema, "Tutayalalia sisi."

Yeye ni fundi wa mashine za kusaga na pikipiki. Ana kamioneti ya zamani ambayo nyuma yake alijenga chumba cha mbao: kitanda, rafu mbili, dirisha la wavu, mahali pa kuweka mbabula ya makaa na sufuria. Kila likizo kubwa tunashuka nayo Walikale, tunakaa humo wiki nyingi, yeye akitengeneza mashine za watu, mimi nikipumzika mbali na kelele za darasa. Miaka yote tulikuwa na taa moja na redio tu, tena tukivuta umeme wa batri ya gari lenyewe. Mara nyingi ilipofika siku ya kuondoka gari lilikataa kuwaka, na kijiji kizima kilitusukuma kikicheka. Safari hii alitengeneza sanduku la kutotolea mayai: mbao mbili mbili na pumba katikati, waya wa joto, feni ndogo ya kusambaza hewa, na kifaa cha kukata joto likizidi. Sanduku zuri. Kilichobaki ilikuwa nguvu ya kuliendesha siku ishirini na moja, mchana na usiku, mahali ambapo hakuna nguzo ya umeme hata moja.

Ndiyo maana ile batri ya lori ilikuwa juu ya meza.

Kesho yake, bila kumwambia mume wangu, nilishuka hadi Masisi mjini kwa mwanamke mmoja fundi wa vyombo vya jua. Ana kibanda cha mbao, na alikuwa na mtoto mchanga mgongoni huku anaunganisha waya. Nilimsalimu, nikaanza kumwuliza batri kubwa ni ipi. Akanikatiza kwa upole.

"Mama, usinielezee batri unayotaka. Unielezee kazi batri itafanya."

Nikamweleza sanduku, feni, waya wa joto. Akachukua chaki akaandika kwenye mlango wake: sanduku linakula kiasi gani kwa saa, saa ishirini na nne, na siku ngapi tunaweza kukaa bila jua. Alipiga hesabu kama mwalimu mzuri, polepole, akiniangalia usoni kuona kama nimefuata.

"Batri ya kamio iko kama mwanaume wa kubeba magunia," akasema. "Anainua gunia moja kwa nguvu sana, kisha anaikala chini. Weye unatafuta mwenye kulima kutoka asubuhi mupaka jua inazama, bila kuacha. Ukimupatia wa magunia kazi ya kulima, atakufa."

Akanionyesha aina mbili. Moja ilikuwa ya maji ya asidi, ya kazi ya polepole. Ile, akasema, nisiitumie zaidi ya nusu, maana kila nikiimaliza naikata maisha. Ya pili ilikuwa ya lithiamu. Nikaiinua kwa mkono mmoja, nikaingiwa na shaka mara moja. Kwetu ukipewa debe jepesi unalifungua uone kama limejaa.

"Mbona haina uzito?"

Alicheka hata mtoto mgongoni akaamka. "Mama, uzito haiwashake taa! Hii unaweza kuitumia karibu yote. Lakini ujue tabia yake. Haichokake pole pole kama zile zingine. Inakupatia nguvu ile ile, ile ile, mupaka mwisho. Kisha inajifunga."

Niliitikia kwa kichwa. Nilidhani nimeelewa.

Nilirudi nayo nyumbani nikiwa nimeipakata ndani ya kitenge. Mume wangu akaitazama, akaiinua kwa mkono mmoja kama nilivyofanya mimi, akairudisha chini taratibu kwa huruma, kama mtu aliyeona mkewe ameuziwa kitu kibovu.

"Iko muzuri," akasema. "Ni kwa kucheza?"

Basi tukaamua kuzishindanisha. Tuliweka sanduku barazani, bila mayai, chupa za maji ndani yake mahali pa mayai, na kipimajoto. Majirani walipita kuuliza habari kila jioni wakitoka shambani. Batri ya mume wangu ilianza Jumatatu asubuhi. Jumanne nikiwa nakunywa chai kabla ya shule, nilifungua sanduku nikakuta limepoa kama chungu cha jana. Batri yangu ilianza Jumatano, ikafika Ijumaa asubuhi. Mume wangu alikaa mbele ya sanduku na kikombe chake, akakigonga kipimajoto kwa kidole mara tatu, kana kwamba kimehongwa.

"Sawa," akasema mwishowe. "Yako inaenda na mayai. Yangu inaenda na gari."

Ndivyo tulivyoondoka na zote mbili.

Mayai sitini niliyapanga kwenye trei, nikayazungushia maganda makavu ya maharage. Mume wangu akazitundika trei kwenye dari ya chumba kwa mipira ya tairi, ili barabara ikitupiga, mayai yabembee tu. Tulitumia siku sita. Kutoka kwenye majani ya milima yetu, ng'ombe wakituangalia ndani ya ukungu, tulishuka na kushuka hadi masikio yakaziba. Nilivua sweta, halafu shuka la mabegani, halafu soksi. Matope yalitukamata mara nne. Kila tulipokwama, watu waliokuja kusukuma waliingia kwanza kuangalia mayai yanayobembea, na walipojua yanakwenda kuzaa kuku Itebero walisukuma kwa nguvu zaidi. Mzee mmoja alikataa soksi nilizotaka kumpa. "Utaniletea jogoo ukirudi," akasema. Tulifika na mayai hamsini na nane. Mawili hayakupasuliwa na barabara: niliyatoa kuwaonyesha watu, nikayaweka kitandani, nikayakalia mimi mwenyewe.

Dada yangu alitusikia kabla hajatuona, kwa sababu gari letu linasikika mbali. Alikuja mbio, mwanamke wa umri wake, viatu mkononi, akafungua mlango wa nyuma kabla hata hajanikumbatia.

"Iko wapi? Iko wapi?"

"Salimia kwanza, dada!"

"Nitakusalimia kesho. Nionyeshe mayai."

Tulikwenda kumwona mkuu wa kijiji tukiwa na chumvi na sabuni, akatupa nafasi karibu na kanisa, chini ya mti mkubwa wenye kivuli baridi. Mimi ndiye niliyechagua kivuli kile. Kwa mtu wa Masisi joto la msitu ni jambo la kweli. Tukaifunga pano ya jua, paneli niliyoinunua kwa yule fundi wa Masisi, juu ya paa la chumba, tukaunganisha kila kitu, tukasubiri sanduku lipate joto sawasawa, halafu nikayaweka mayai. Upande mmoja wa kila yai nilichora msalaba kwa penseli, upande mwingine duara, nijue lipi nimeshaligeuza. Wanawake walijaa mlangoni.

"Sasa kuku iko wapi?" mmoja akauliza.

"Kuku ni hii," nikasema, nikigonga batri.

Walicheka sana. Kuanzia siku hiyo batri ikaitwa Mama Kuku, na watu walipopita asubuhi waliuliza kama Mama Kuku amelala vizuri.

Siku ya saba tuliziba dirisha kwa blanketi mchana, chumba kikawa giza, nikawasha tochi ya simu nyuma ya yai moja baada ya jingine. Niliwaita wanawake waingie wawili wawili. Mama mkwe wa dada yangu, mzee ambaye macho yake yalikuwa yamechoka, alitaka kuingia wa kwanza. Nikamshika mkono, nikamsogezea yai karibu kabisa na jicho. Ndani ya ule mwanga mwekundu kulikuwa na mishipa midogo kama mizizi, na katikati nukta inayoruka.

"Inachezaka," akasema kwa sauti ndogo. Kisha akapaza sauti nje: "Bamama! Roho inacheza ndani!"

Nje wakaanza kuimba. Wimbo wa kanisa ulianza, katikati ukageuka kuwa wimbo mwingine wa zamani wa kwao ambao mimi siujui, ukarudi tena kuwa wa kanisa, na hakuna aliyeona shida. Mayai tisa hayakuwa na kitu ndani. Dada yangu aliyakaanga kwa mafuta ya mawese, tukayala na bugali na sombe ya majani ya mihogo. Yakabaki arobaini na tisa.

Nikiri hapa kosa langu. Furaha ilinipanda kichwani. Watu waliponiletea simu zao nizichaji, nilipokea zote. Katekista alileta spika ya kwaya, nikaipokea. Kila asubuhi nilipima batri kwa kipimo cha volti, na kila asubuhi ilinionyesha namba ileile nzuri, kumi na tatu na kidogo. Nikamwambia mume wangu, "Unaona? Hata haichoki." Wakati huohuo mawingu yalikaa juu ya msitu siku tatu mfululizo, na hata siku ya jua kile kivuli changu kizuri kilitambaa juu ya pano kuanzia asubuhi. Sikuona, kwa sababu nilikuwa nimekaa humohumo kivulini, nikijipepea.

Siku ya kumi na nne niliamka jua limeshapanda, nikasikia kimya. Feni ile ndogo ilikuwa na mlio kama nyuki mmoja, nami nilikuwa nimeuzoea. Sasa haukuwepo. Taa ya sanduku ilikuwa imezimika. Niliweka kipimo kwenye batri: sifuri. Si kumi na mbili, si kumi. Sifuri.

"Papa!" nikamwita mume wangu kwa kelele. "Imekufa! Mama Kuku amekufa!"

Nilipofungua sanduku kidogo, joto lilikuwa limeshaanza kushuka. Nilijiona nimeketi pale na mayai arobaini na tisa yenye roho ndani, mbele ya wanawake waliokuwa wameshawapa vifaranga majina. Nilianza kulia, bila aibu yoyote. Dada yangu alikuja, akaona, wala hakuuliza swali. Alitoka nje akapiga mikono midomoni, ile sauti wanayoitana nayo wanawake mashambani kwao, na haikupita muda kila jiko la upande ule lilikuwa na maji ya moto. Walileta chupa, vibuyu, bidoni ndogo za mafuta. Tukazifunga kwa vitenge zisiyaunguze mayai, tukazipanga kandokando ndani ya sanduku. Zilipopoa, nyingine zilikuwa zimeshafika. Mmoja alikuwa anashika kipimajoto na kusoma kwa sauti kama anasoma Injili: "Makumi tatu na sita! Makumi tatu na saba! Muache sasa, muache!"

Mume wangu yeye alikuwa amechuchumaa mbele ya batri, ananiangalia.

"Ule fundi wa Masisi alisema nini, sawasawa?"

"Alisema inatumika karibu yote."

"Kisha?"

Nikafuta machozi. "Kisha inajifunga."

"Inajifunga haiko inakufa, Mama. Mulango ikijifunga, nyumba haikufe."

Alikwenda mbele ya gari, akafungua boneti, akaleta zile waya zake nene za kuazimana umeme kati ya gari na gari. Alizifunga kwenye batri ya lori, halafu akagusa kwenye batri yangu, chuma kwa chuma, dakika chache tu. Nilitazama kipimo. Sifuri. Sifuri. Halafu namba zikaruka: kumi na moja, kumi na mbili. Feni ikaanza mlio wake wa nyuki.

Sijui kama nimewahi kumkumbatia mume wangu mbele ya watu kabla ya siku ile. Kwetu si desturi. Wanawake walipiga vigelegele, na yeye akawa anatafuta mahali pa kuweka zile waya, uso umemwiva.

Lakini batri iliyoamka haikuwa batri iliyoshiba, na mawingu yalikuwa bado juu. Mafuta tuliyokuwa nayo yalikuwa bidoni moja, ya kurudia. Alinitazama, nikamtazama. "Washa," nikasema. Akawasha injini, dinamo ikaanza kuilisha batri yangu, naye alikuwa anazima kila baada ya muda kidogo anagusa dinamo kama mtu anayegusa paji la uso la mtoto, aone kama imechemka. Alfajiri na jioni alifanya hivyo kwa siku mbili.

Halafu tukapanda juu ya paa sote wawili, tukakaa kando ya pano kuangalia kivuli kinavyotembea. Saa nne asubuhi tawi moja tu lilikuwa limelala juu ya kona moja, na kipimo kilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya nguvu imepotea. Tawi moja! Nilijisikia mjinga, na hapohapo nikaanza kucheka, kwa sababu mume wangu alisema, "Mwalimu, leo umekaa darasa ya kwanza."

Kivuli kile hatukuweza kukikata. Mti ulikuwa wa kanisa. Mahali pekee penye anga wazi palikuwa katikati ya uwanja wa mpira. Nilitaka kuvuta waya nyembamba niliyokuwa nayo kutoka uwanjani hadi kwenye gari. Mume wangu akakataa kabisa. Akasema umeme wa volti ndogo ukipita kwenye waya mrefu na mwembamba unaishia njiani, kama maji kwenye mfereji wa mchanga. Alikwenda kwa mwenye mashine ya kusaga, ambaye alikuwa amemtengenezea mashine wiki iliyopita, akarudi na waya nene za kuchomelea vyuma, nzito hata zilibebwa na watu wawili. Tukaiweka pano katikati ya uwanja, juu ya vigingi, imeinama kidogo ili mvua iioshe.

Wachezaji walikuja saa kumi wakakuta jua letu limekaa mahali pa kuanzia mpira. Nahodha wao akazunguka pano mara mbili.

"Mama, tutachezea wapi?"

"Kaka, vifaranga iko nakuya Jumapili. Muchezee upande moja."

Wakashauriana. Kisha wakacheza kwa goli moja tu, timu zote mbili zikishambulia upande uleule na kipa mmoja akizidaka mipira ya wote, wiki nzima. Walivyogombania mabao sijapata kuona. Mama mkwe wa dada yangu alikaa na mwavuli kando ya pano, akiupeleka mbele kila mpira ulipokaribia, kama kipa wa pili.

Mimi nami nikajifunza. Sikuamini tena ile namba ya volti asubuhi, kwa kuwa batri yangu ilikuwa inaonyesha uso uleule ikiwa imeshiba na ikiwa karibu kulala. Nilichukua daftari la shule, nikaandika saa za jua kali, saa za mawingu, na saa ambayo kifaa kidogo kinachoongoza umeme wa jua kiliwasha taa yake ya kusema imejaa. Imejaa kabla ya saa sita, basi naruhusu simu kuanzia saa sita hadi saa nane. Haijajaa, hakuna simu ya mtu, hata ya mkuu wa kijiji. Spika ya kwaya niliirudisha kwa heshima. Taa yetu ya chumbani tuliitoa, tukala chakula cha jioni mapema, mwanga ukiwa bado upo. Redio ya mume wangu ndiyo iliyomuuma, lakini hakusema. Alikwenda kusikiliza habari kwa jirani.

Siku ya ishirini ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa nimeacha kuyageuza mayai, nikiyaacha yatulie. Nilipotega sikio kwenye sanduku nilisikia kitu kinagonga, kidogo sana, halafu sauti. Nikamwita dada. Tukaweka masikio yetu pamoja, vichwa vimegusana kama zamani tulipokuwa tunasikiliza mlangoni maneno ya wakubwa.

"Anasema nini?" akaniuliza.

"Anasema dada yangu ni mukubwa sasa, aache kulia."

Maana alikuwa analia na kucheka, na machozi yake yalikuwa yanaangukia mkono wangu.

Jumapili asubuhi, ibada ikiwa katikati, sauti ya vifaranga ilianza kupita kwenye mbao za gari na kuingia kanisani. Mwanzoni mmoja mmoja, halafu kundi. Watu waligeuza vichwa. Katekista aliendelea na mahubiri, akajitahidi, akasimama.

"Ndugu zangu," akasema, "Mungu iko naongea huko inje. Twende tumusikilize."

Wakatoka wote. Kwa kioo cha sanduku wakaona vifaranga waliokwisha kukauka, wa manjano na weusi na wa madoa, wakipanda juu ya maganda na juu ya wenzao walio bado na maji. Waliototolewa walikuwa arobaini na tatu. Mayai mengine hayakufunguka, na kifaranga mmoja alifia mlangoni mwa ganda lake. Huyo mume wangu alimzika nyuma ya gari bila kumwambia mtu, nami nilijifanya sikuona. Kisha akarudi, akaweka kifaranga mmoja kwenye kiganja chake kikubwa chenye grisi, akamsogeza karibu na uso. Kifaranga akamdonoa ndevu. Sijawahi kumwona akicheka hivyo, bila sauti, mabega tu yanaruka.

Tulikaa nao wiki mbili zaidi, tukiwaweka joto ndani ya sanduku usiku na kuwatoa mchana. Hatukuwagawa mapema, dada yangu alisimamia hilo kwa ukali. Walipopata manyoya mabawani, kila nyumba ilipata wawili au watatu, na wanawake waliwapokea kwa mikono miwili. Aliyekuja wa mwisho alikuwa yule mama mkwe. Akachagua kifaranga mweusi, akasema huyu ni jogoo, amemjua kwa kifua chake. Hakuna aliyembishia.

Siku mbili kabla ya kuondoka, dada alinikuta nakunja waya.

"Mudogo wangu, hawa kuku watakuwa wakubwa, watataga. Lakini ugonjwa ukirudi tena?"

Nilijua anachouliza. Nilimtazama mume wangu aliyekuwa chini ya gari, miguu tu inaonekana. Hakutoka huko chini. Akasema tu, "Nipatieni ufunguo ya kumi na tatu." Dada akampa. Akatoka na ufunguo, akaingia chumbani, akaanza kufungua boliti za sanduku yeye mwenyewe.

Alasiri yote nilimfundisha dada yangu. Pano isafishwe kila wiki. Kusiwe na kivuli, hata cha tawi. Waya nene, zisibadilishwe. Batri isikae karibu na jiko. Daftari liandikwe kila siku. Nikamwuliza, kama ninavyowauliza watoto wa darasani: "Na ikizima ghafula?"

"Haikufe. Imejifunga. Ninaita muntu mwenye pikipiki alete batri yake, tunaiamusha, kisha tunaipeleka kwa jua."

"Na simu za watu?"

Akasimama wima, mikono kiunoni. "Simu? Saa sita. Mbele ya saa sita, hata Papa Askofu akuye na yake, hapana."

Mafuta ya kurudia yalitoka kwa mwenye mashine ya kusaga, bidoni nzima, na hakutaka kusikia neno juu yake. Asubuhi ya kuondoka, mahali palipokuwa sanduku wanawake walijaza ndizi. Halafu wakaweka ndizi kitandani. Halafu mawese, mihogo, uyoga mkavu, nanasi. Nilipojaribu kusema inatosha, mkungu mwingine uliingia kupitia dirishani. Batri ya lori iliamsha injini mara moja tu, mume wangu akanitazama kwa jicho la pembeni, akapiga honi. Hakukuwa na mahali pa kukaa huko nyuma, kwa hiyo nilipanda mbele pamoja naye, miguu yangu juu ya nanasi, na tulikula ndizi mbivu hadi Masisi, tukiwagawia wote waliotusukuma njiani.